Lango la Upana wa Kitanda

Nyinyi mtakaosoma haya ni vijana, na kijana hapendi kuambiwa. Nitawaambia hivyo hivyo. Mimi sikusoma sana. Chuoni nilifundishwa herufi za Kurani, na hizi nyingine nilijifunza ukubwani, tayari nina wajukuu. Kwa hiyo mkiona mstari umepinda, msicheke, someni kilichoandikwa.

Mwaka juzi mlinipandisha ndege kwenda Mtwara kumwona mwanangu. Tulifika kiwanjani mapema, tukapekuliwa mpaka viatu, tukaingizwa kwenye chumba cha kungojea, karibu na ule mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege. Watu wamejaa. Wamekaa chini, wamesimama, wameegemea ukuta. Kila mtu ananung'unika, jengo dogo, jengo la zamani, wanasubiri nini kulipanua? Nikatazama vizuri. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mjamzito, mimba imeshuka, amesimama mguu huu, mguu huu. Na ubavuni pake kulikuwa na begi limekaa kwenye kiti, raha mustarehe, kama bwana harusi.

Nikalichukua lile begi nikaliweka chini. Mwenyewe, kijana mwenye vidude masikioni, akavitoa.

"Bibi, vipi tena?"

"Begi halina miguu ya kuuma," nikamwambia. "Dada, kaa."

Akakaa. Mjukuu wangu akaona haya, akaninong'oneza nisifanye hivyo mbele za watu. Basi ndiyo maana ninaandika. Anayeona haya kwa jambo lile hajui yeye mwenyewe alizaliwaje.

Mimi nimezaliwa Kiongoroni, kwenye visiwa vya mikoko, wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa mkata boriti, mama alisuka mikeka, nami nilisuka tangu meno ya utoto hayajang'oka. Nikaolewa bara, ng'ambo ya kusini ya mto Rufiji, kwa watu wa mpunga wenye ndugu zao upande wa Mbwara. Nilikwenda na ukindu wangu, na huko nako nikasuka. Wenyeji wa kule walikuwa wakinunua mikeka kwa wapita njia, mikeka ya ovyo ya kukatika kiangazi kimoja. Baada ya miaka michache, ukiingia nyumba yoyote pale kijijini ulikuwa unakanyaga kazi ya mikono yangu.

Sasa, ukitaka kwenda Kibiti, kwenye lori, kwenye maduka, kwenye dispensari, lazima uvuke mto. Na kuvuka kulikuwa kwa pantoni ya serikali, inayovutwa kwa kamba ya chuma kutoka ukingo hadi ukingo. Upande wetu serikali ilijenga banda la abiria. Ukuta hakuna, lina nguzo na makuti, na pande zote mbili limezungushiwa ua wa miti mpaka majini, kwa sababu ukingo ule una utelezi na mamba walikuwa hawana adabu. Unaingia banda kwa nyuma, unapita katikati, unatokea kwenye lango la mbele, unateremka kwenye pantoni. Njia nyingine hapana. Na lango lenyewe lilikuwa jembamba, nguzo mbili za mkoko, mtu mmoja mmoja apite ahesabike.

Siku ya lori, mara moja kwa wiki, banda lilikuwa halipitiki. Wenye mpunga, wenye pamba, wenye samaki wa ng'onda kutoka visiwani, wenye kuku, wenye wagonjwa. Wazee wetu wakaenda mara nyingi kwa bwana mkubwa wa wilaya kuomba banda lipanuliwe. Walikwenda na jumbe wa kijiji, wakarudi naye, mpaka bwana akakubali. Likaongezwa nyuma, likawa refu kama mara mbili ya lilivyokuwa. Tulishangilia, mie mwenyewe nilipiga vigelegele. Siku ya lori ya kwanza baada ya hapo, banda likajaa vilevile.

Nitawaambia lilijaa nini. Lilijaa mikeka.

Ilikuwa desturi yetu. Mtu akitaka kusafiri, anatangulia kutandika mkeka wake bandani, karibu na lango kadiri awezavyo. Mkeka ukishatandikwa, mahali pale ni pake. Anaweka kandambili moja juu yake, au kibuyu, halafu anakwenda zake. Wengine walikwenda kunywa chai kwa mama wa vitumbua. Wengine walikwenda kulala kwa shangazi zao. Wengine walikuwa hata hawajatoka nyumbani. Wamempa jirani mkeka aupeleke jana yake, utangulie. Basi unalikuta banda zima limetandikwa toka nyuma hadi mbele, na juu ya mikeka hiyo wamekaa watu wachache tu wanapunga nzi, na nje kwenye jua au mvua wamesongamana watu chungu nzima wanalalamika kwamba serikali imewajengea banda dogo.

Mtaniuliza, kwa nini msiondoe mikeka mkakaa? Mnauliza kwa kuwa hamkukulia pale. Mkeka wa mtu ni mahali anaposwalia, anapolia, anapolala. Kuukanyaga kwa mguu wenye tope ni sawa na kumfutia mwenyewe mguu usoni. Na kuukunja ndiyo zaidi. Kwetu, mkeka wa mtu hukunjwa na yeye mwenyewe, au mkewe, au mtoto wake wa kumzaa. Watu wengine wanaukunja siku moja tu, siku ya kuondoa matanga, mwenyewe akiwa amekwisha zikwa. Kumkunjia mkeka mtu aliye hai ni kumtangazia msiba. Kwa hiyo hakuna aliyegusa. Tulikuwa tunaruka kwenye vipenyo kama korongo, kuku kichwani, mpaka langoni. Na mtu mzima mwenye akili zake aliona bora anyeshewe kuliko kukunja mkeka usio na mtu.

Haya. Mume wangu alioa mke wa pili. Sitawaficha kwamba nilinuna, na sitawaambia nilinuna muda gani. Mwenzangu alikuwa binti mdogo, mwoga wa kila kitu, chura akiruka anaita mama. Kwa kuwa mama yake alikuwa mbali, akawa ananiita mimi. Mtu akikuita usiku na mchana, dada, dada, kununa kunakushinda. Alipopata mimba ya kwanza nikawa mimi ndiye ninayempimia uji.

Uchungu ulimshika masika, mto umejaa. Mume wetu alikuwa amekwenda Mloka kumsaidia ndugu yake kulinda mpunga, maana tembo na nguruwe wa kule hawana mchezo. Mkunga wa kijiji alikaa na mwenzangu tangu alfajiri ya jana yake. Asubuhi ya pili akatoka nje, akanawa mikono, akaniambia bila kunizungusha:

"Mtoto amekaa vibaya. Mimi hapa sina langu tena. Mvusheni, leo siku ya lori."

"Akikosa lori la leo?"

"Lori jingine mtapakia maiti."

Nikawaita shemeji zangu wanne. Tukamlaza kwenye kitanda chake cha kamba, tukafunga miti miwili mirefu ubavuni, wakambeba begani. Mtumbwi usingefaa. Kitanda hakiingii mtumbwini, na kumkunja mwanamke katika hali ile ndani ya mtumbwi, mto ukiwa unabeba magogo, ni kumzamisha kwa makusudi. Ilikuwa ni pantoni tu.

Tulifika kivukoni jua limepanda. Pantoni ipo upande wetu, wavutaji wameshika kamba, ng'ambo naliona lori linapakiwa magunia. Nikashukuru Mungu. Halafu nikatazama banda.

Mikeka. Ukingo kwa ukingo, toka nyuma mpaka langoni, hakuna hata pa kuweka kidole. Vipenyo vile tulivyokuwa tunarukia mmoja mmoja havimpitishi mtu mwenye mti begani. Shemeji zangu wakasimama kwenye ncha ya mkeka wa kwanza kama ng'ombe waliofika kwenye moto.

"Shemeji," akasema mkubwa wao, jasho linamtoka, "tuwatafute wenyewe waje wakunje."

"Utawatafuta wapi? Nyumba kwa nyumba?"

"Sasa tufanyeje? Tuikanyage?"

"Usiikanyage. Ngoja."

Mwenzangu kitandani akaniita, "Dada." Sauti yenyewe haikuwa sauti tena. Nikajifunga kanga kiunoni, nikainama, nikakunja mkeka wa kwanza.

Walioniona waliguna. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kando akasema "Lahaula!" na kujifunika uso. Nikaweka kandambili ya mwenyewe juu ya mkeka uliokunjwa, nikauegemeza kwenye ua. Nikakunja wa pili. Wa tatu nilipoushika nikaujua kwa mkono kabla sijautazama, ukili wa nyuzi tano na mshono wa kwetu visiwani. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Huu nimeusuka mimi. Naukunja mimi. Na ule pale nimeusuka mimi. Mwenye neno aje."

Wenye maneno walikuja. Habari zilikwisha fika kwa mama wa vitumbua. Mwanaume mmoja alikuja mbio, kitumbua mkononi, shavu limejaa.

"Nani kanikunjia mkeka?"

"Mimi."

"Wewe mwanamke! Kwani mie nimekufa lini?"

"Ulipokwenda kunywa chai ukauacha njiani. Pisha."

Watu wengine wakacheka, ndipo naye akazidi kukasirika. Akapaza sauti, "Jamani, huyu si mke mwenza huyu? Mtazameni! Anatafuta kisingizio tu amtupe mwenzake mtoni!"

Neno hilo kila mmoja alikuwa amekwisha liwaza. Nikainuka.

"Ningetaka afe," nikamwambia, "ningemwacha nyumbani nikapika wali. Nisingembeba juani nije nitukanwe na mtu anayetafuna. Meza kwanza, ndiyo useme."

Akameza. Halafu, na hili namhesabia, akainama akakunja mkeka uliofuata, ambao ulikuwa wa mdogo wake. Mwingine akakunja wa shemejiye. Wenyewe waliokuwa karibu wakaja kukunja ya kwao haraka haraka, kila mtu asije akakunjiwa na mimi. Shemeji zangu wakasogea hatua kwa hatua nyuma yangu. Tukafika mbele, na pale mbele, umetandikwa katikati ya lango kabisa, palikuwa na mkeka wa mwisho. Mpana, wenye mistari ya zambarau. Huo ndio niliousuka vizuri kuliko yote. Nilimsukia mama mkwe wangu.

Yeye alikuwa anakwenda Kibiti harusini. Alikuwa ameondoka nyumbani juzi yake, kabla uchungu haujaanza, akalala kwa mdogo wake pale kivukoni, hajui lolote. Mama mkwe huyu alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, anayeogopwa na wanawe wote wanne waliobeba kile kitanda. Na mimi nilimwogopa. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijawahi hata kuketi kwenye ncha ya mkeka wake.

Shemeji mkubwa akasema chinichini, "Shemeji, huo ni wa mama."

"Naujua ni wa nani."

"Hebu nikamwite."

"Pantoni inaondoka."

Na kweli, wavutaji walikuwa wameanza kuita. Nikapiga magoti, nikaukunja. Nilipouinua kifuani nikaona miguu imesimama mbele yangu, imetoka kutawadha mtoni, ina maji. Nikainua uso.

"Umenikunjia mkeka, mkamwana?"

 

"Nimekukunjia, mama."

"Basi nife."

"Hufi leo, mama. Wa kufa leo yupo kitandani, usiposogea."

Akatazama nyuma yangu. Alikuwa hajakiona kitanda. Akawaona wanawe, akamwona yule binti, midomo imekuwa myeupe. Sijui moyoni mwake kulipita nini na sikumuuliza mpaka alipofariki. Alinipokonya ule mkeka mikononi, akaupachika kwapani, akateremka yeye kwanza kwenye pantoni.

Nikasema, twendeni. Kitanda kikaingia langoni, kikakwama.

Jamani, kitanda kilikuwa kipana kuliko lango! Miaka yote wagonjwa walikuwa wanapitishwa pale kwa kuinamisha kitanda ubavu, na mgonjwa anashikiliwa asianguke, na kila mara tulikuwa tunasema lango hili ni baya, halafu tunasahau mpaka mgonjwa mwingine. Wakajaribu kumwinamisha. Mwenzangu alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiukumbuka naacha ninachofanya. Nikawaambia wamrudishe sawa.

"Ng'oeni nguzo."

Mlinzi wa lango, mzee mwenye kofia ya serikali, akanyoosha mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama, nguzo hii nimekabidhiwa. Ikitoka naulizwa mimi."

"Ukiulizwa, sema nimeing'oa mimi. Jina langu unalijua, na mume wangu unamjua, na nyumba yangu unaijua."

Akanitazama, akamtazama mgonjwa. Akakohoa. "Mimi," akasema, "naenda kuangalia kamba ya pantoni. Naona kama imelegea." Akatugeuzia mgongo, akaenda kuitazama ile kamba kwa makini sana.

Kitanda kikawekwa chini. Yule mtu wa kitumbua akaja na wenzake, wakaitikisa nguzo huku na huku. Udongo wa masika ulikuwa laini. Ikatoka kama jino.

Tukapita. Na pale kwenye pantoni, katikati ya wanaume na magunia na kuku, nikamkuta mama mkwe wangu ameusimamisha mkeka wake wima, ameufungua, ameshika ncha moja na mwanamke mwingine ncha ya pili, ukawa ukuta. Kitanda kikaingizwa nyuma yake.

"Wanaume, geuzeni nyuso," akasema. Hakupaza sauti. Wote wakageuka, hata wavutaji wakawa wanavuta kinyumenyume.

Harusini hakwenda. Alipanda nasi kwenye lori, akashika ule mkeka njia nzima mpaka Kibiti, na mimi hakunisemesha hata neno moja. Kwenye dispensari mtoto alizaliwa jua la jioni, msichana, amevimba kichwa upande, ana sauti kama tarumbeta. Mwenzangu alipona. Nusu yenu mnaosoma haya mmetoka kwa mtoto yule. Yeye ndiye mnayemwita bibi mdogo, yule anayewapa vitumbua na kuwafichia makosa yenu.

Tuliporudi, mambo mawili yalikuwa yananisubiri.

La kwanza ni lango. Nguzo ya serikali imeng'olewa, na bwana mkubwa wa wilaya akaja kivukoni kufanya baraza. Wazee wakaona ndiyo nafasi. Wakasema bwana, unaona, banda ni dogo, watu wanapigana mpaka wanavunja lango, tuongezee tena. Mlinzi wa lango ametazama chini. Nikasimama.

Jumbe akasema, "Wanawake watasema nyumbani."

Sauti ikatoka nyuma, ya mama mkwe wangu, ambaye wiki zote hizo alikuwa hajanitupia neno. "Mwacheni aseme. Aliyeng'oa ndiye ajenge."

Nikasema. Nikamwambia bwana, nguzo nimeng'oa mimi, na sababu nikamweleza. Akamuuliza mlinzi, mlinzi akasema ni kweli. Akaniuliza nataka nini, banda liongezwe?

"Banda linatosha. Mkiongeza tutaongeza mikeka. Nataka lango la upana wa kitanda, na njia ya upana wa kitanda toka nyuma mpaka mbele, isitandikwe kitu."

Mngewasikia wazee wetu! Walinguruma. Aliyepinga zaidi ni yule yule wa kitumbua.

"Na sisi tukae wapi?" akasema. "Njia yote hiyo mnaiacha tupu, kwa ajili ya nani? Wagonjwa hawaji kila siku!"

"Siku usipokuja wewe mgonjwa, utapita wewe mzima," nikamjibu. "Mbona siku ile uling'oa nguzo kwa mikono yako?"

"Siku ile nilikuwa nimekasirika."

"Basi kasirika tena, tukachimbe."

Watu wakacheka, naye akacheka, na baraza likawa limekwisha hapo ingawa bwana alizungumza muda kidogo zaidi. Alikubali. Alisema serikali itatoa fundi na misumari, miti tutafute wenyewe. Nikatuma salamu Kiongoroni, kaka zangu wakaleta boriti za mkoko zilizonyooka. Siku ya kusimamisha nguzo nikawaambia shemeji zangu wakilete kile kitanda. Tukakilaza pale langoni, nguzo hii upande huu, nguzo hii upande huu, na vidole vya mbebaji vikiwa vimeshika mti viingie bila kuchubuka. Kwenye njia tukalaza boriti mbili ndefu chini, moja kila upande, kuwa mpaka. Mkeka ukivuka boriti, umepotea.

Siku ya lori ya kwanza niliwahi mimi. Nilikuta mikeka miwili katikati ya njia, na kandambili juu yake. Nikaikunja. Wiki iliyofuata ulikuwa mmoja. Baadaye hapakuwa na mkeka, na jambo la ajabu, banda likaonekana kubwa. Wale wa nje waliingia ndani, maana wengine walipoona njia imeachwa wakaona haya kuacha mikeka bila watu hata pembeni. Sikuwaambia hilo. Lilikuja lenyewe.

La pili lilikuwa nyumbani, na lilinitia hofu kuliko bwana na jumbe. Mama mkwe wangu halali kwenye mkeka wake. Tangu siku ile ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa pembeni mwa chumba chake, naye analala kwenye kamba tupu za kitanda, asubuhi anaamka mgongo umechorwa. Mwenzangu alimpelekea mkeka mwingine, akaukataa. Mume wetu aliporudi Mloka alimwomba, akamwambia, "Mimi ni maiti. Maiti halali mkekani." Naye akamnyonyesha mjukuu wake maji ya sukari kwa pamba, akamwimbia, akamwogesha, maiti huyo, na mimi ananipita mlangoni kama nguzo.

Sikumwomba radhi. Nisikilizeni vizuri. Ningemwomba radhi kwa kosa, na kosa sikulifanya. Nilimpikia, nikamfulia, nikamsalimia kila asubuhi, shikamoo mama, naye kimya. Nikangoja.

Siku lango lilipokamilika alikwenda kuliona. Alikwenda peke yake, na fimbo. Mlinzi ndiye aliyenihadithia baadaye kwamba alipita langoni akaenda mpaka majini, akageuka, akapita tena, mikono ameitanua pande zote mbili kama mtu anayepima nguo, na mikono haikugusa nguzo.

Jioni ile nipo jikoni nachambua mchele. Akaja akasimama mlangoni na ule mkeka kwapani, mistari yake ya zambarau imechakaa kwa mafuta ya lori.

"Mkamwana."

"Labeka, mama."

"Uliyenikunjia ndiye utakayenitandikia. Mwingine hawezi."

Nikaweka ungo chini. Nikaupokea, nikaenda chumbani kwake, nikaukung'uta, nikautandika kitandani, nikaunyoosha ncha zote nne kwa kiganja. Akajilaza juu yake, akatazama juu kwenye makuti. Nikadhani ndiyo basi. Nilipofika mlangoni akasema:

"Ncha hii umeishona vibaya. Imeachia."

"Imeachia kwa kushikwa njia nzima ya Kibiti, mama."

"Ndiyo. Ishone."

Nikaishona kesho yake, asubuhi na mapema, naye ameketi karibu yangu uani na mtoto mapajani. Tulizungumza habari ya bei ya ukindu na habari ya kuku wa jirani. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Kisha akainuka kwenda kisimani. Mkeka wake mwingine, ule wa kukalia, akauacha pale pale alipokuwa ameketi, mbele ya mlango wa nyumba, kandambili moja juu yake. Mume wetu naye akaacha wake barazani akaenda msikitini. Mwenzangu alitoka ndani na mtoto begani na sufuria ya maji ya moto mkononi, akafika mlangoni, akaona mkeka wa mama mkwe, akasimama. Akaanza kutafuta kipenyo cha kuruka. Na sufuria ile ya moto. Na mtoto yule.

Nikasema, "Simama hapo hapo, usiruke."

Nikaukunja. Nikaukunja na wa mume wetu. Nikaiegemeza ukutani, kandambili juu. Mama mkwe alirudi na mtungi, mume wetu akarudi na tasbihi, wakaikuta mikeka imesimama ukutani na mimi nimesimama karibu yake. Nikawaambia wote kwa pamoja, mkubwa na mdogo:

"Kuanzia leo, katika nyumba hii, mtu akiinuka anakunja mkeka wake. Asipokunja nitamkunjia mimi, na asiniulize amekufa lini."